Mtu Mmoja, Miaka Mitatu ya Kuzaliwa: kisa cha wasifu wa mwigizaji wa filamu

Majina yote nimeyaondoa. Mwigizaji nitamwita Bi. M. Miji nimeificha, tamasha silitaji, na filamu zake nimeziacha nje. Tukio moja tu la kihistoria nimelibakiza lilivyo, kwa ruhusa yake, maana ukilitoa kisa hiki hakina miguu.

Usuli

Tamasha moja la filamu la ukanda wa pwani lilitaka kumtunuku Bi. M kwa kazi yake ya miaka mingi kwenye filamu za Kiswahili. Ofisi yetu ndogo, watu wanne na mpiga chapa wa kukodi, ilipewa kazi ya kuandaa kijitabu cha wageni: wasanii kumi na wawili, kila mmoja wasifu wa maneno mia nne. Tulikuwa na siku kumi.

Rasimu ya Bi. M iliandikwa na kijana aliyekuwa mgeni kazini. Aliandika vizuri, kusema kweli, kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Sentensi yake ya kwanza ilisema Bi. M alizaliwa tarehe 14 Februari 1988, katika mji fulani wa pwani ya kaskazini, na kwamba ni dada wa mwimbaji fulani wa taarabu. Sentensi moja, mambo matatu. Yote matatu yalikuwa na kasoro, na sisi tulishughulika na mawili tu.

Kilichonishtua hakikuwa tarehe. Aya ya tatu ilisema alimaliza darasa la saba mwaka 1998. Mtoto wa Tanzania wa wakati ule alianza shule akiwa na miaka saba, mara nyingi nane, akamaliza na kumi na nne au kumi na tano. Aliyezaliwa 1988 angemaliza akiwa na miaka kumi. Ama alikuwa kichwa cha ajabu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisimulia, ama mwaka mmojawapo si kweli.

Kumi na moja ambazo zilikuwa moja

Nilimrudishia kijana rasimu nikamuuliza 1988 ameitoa wapi. Akasema iko kila mahali, ameikuta sehemu kumi na moja mtandaoni. Alisema hivyo kwa kujiamini, na sikumlaumu, kwani ndivyo tunavyofundishwa: ukikuta vyanzo viwili au vitatu vinakubaliana, andika.

Tukazichapa zote kumi na moja tukazitandaza mezani. Jina la shule ya msingi ya Bi. M lilikuwa na herufi "n" iliyozidi, ile ile, katika tisa kati ya hizo kumi na moja. Shule yenyewe ina kibao kikubwa barabarani na hakina hiyo "n". Watu tisa hawawezi kukosea herufi moja kwa namna moja, kila mtu na kosa lake. Mmoja alikosea, wanane wakanakili. Zile mbili zilizobaki zilikuwa tafsiri za Kiingereza ambazo hazikutaja shule kabisa, ila mpangilio wa sentensi zake ulikuwa ule ule, aya kwa aya.

Ya zamani kuliko zote ilidokeza gazeti la burudani la mwaka 2009. Nikamtuma kijana Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ambako magazeti ya nyuma hufungwa kwa majalada makubwa. Alirudi saa kumi jioni, shati lina vumbi kifuani, na picha tatu kwenye simu. Habari ilikuwa ya uzinduzi wa filamu uliofanyika Jumamosi, 14 Februari 2009. Ndani yake, maneno machache: "msanii huyo mwenye miaka 21". Chini kulikuwa na picha ya Bi. M akikata keki.

Basi. Mtu fulani alitoa 21 kwenye 2009 akapata 1988. Mtu mwingine, au huyo huyo, akaona keki na tarehe, akaona ni sikukuu ya kuzaliwa. Keki ilikuwa ya filamu. Gazeti lenyewe halikusema popote kwamba Bi. M alizaliwa siku ile wala mwaka ule.

Meneja, cheti na namba

Hapa nilifanya kosa la kwanza: nilimpigia meneja kabla ya kumpigia mwenyewe. Meneja alinijibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi. "Kaka, andika themanini na nane. Ndiyo anayoitumia." Nilipomuuliza kama ndiyo ya kweli, alisema kweli si kazi yake.

Siku ya pili Bi. M akapiga mwenyewe, amekasirika kidogo kwamba tumepita mlangoni kwa meneja. Alisema hakuwahi kumwambia mtu 1988. Mwaka 2009 alisema ana miaka ishirini na moja kwa sababu prodyuza alimtaka kwa sehemu ya msichana wa chuo, na mwandishi wa gazeti alikuwa amesimama palepale. "Ungekuwa wewe ungesema ishirini na tano ukapewa sehemu ya shangazi?" Sikuwa na jibu. Anayefuatilia filamu zetu anajua: msichana akishavuka umri fulani, kinachomngoja ni kanga mbili, jiko la mkaa, na kumlilia mwana aliyepotelea mjini.

Kwa nia njema kabisa akamtumia kijana picha ya cheti chake cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Cheti kilisema 1 Julai 1986.

Sasa tuna miaka mitatu: 1988 ya gazeti, 1986 ya cheti, na ile ambayo darasa la saba ilikuwa inatuelekeza, karibu na 1984. Kijana alifurahi: cheti kimepatikana, kazi imekwisha. Mimi tarehe ile ilinitia shaka. Tarehe mosi Julai, sawa na tarehe mosi Januari, ni tarehe ya fomu. Anayejaza akiwa hajui siku, huandika hiyo. Na kweli: cheti kilitolewa zaidi ya miaka ishirini baada ya kuzaliwa, Bi. M alipotaka pasipoti. Aliyefuatilia ni baba yake mdogo, ambaye hakuwapo alipozaliwa, akakadiria.

Katikati ya hayo kijana akaja na pendekezo. Rafiki yake anasajili laini za simu na anaweza kutupatia namba ya NIDA ya Bi. M, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Nilikataa. Sababu ya kwanza ni ya utu na ya sheria: namba ya mtu haichukuliwi mlango wa nyuma, na tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Sababu ya pili niliiona baadaye: kitambulisho kilitokana na cheti kile kile. Tungeiba ili tupate 1986 kwa mara ya pili, halafu tungesema vyanzo viwili vya serikali vinakubaliana.

Usiku wa Ijumaa

Bi. M mwenyewe ndiye aliyesema, "Kwa nini msimuulize mama?" Akatuunganisha kwa simu, akabaki kwenye laini.

Kijana alimsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, wakaulizana habari za nyumbani, kisha akauliza. Mama hakusita. Alijifungua usiku wa Ijumaa, Sokoine ametutoka. Redio za majirani zote zilikuwa juu, watu wamekaa vibarazani hawasemi, na yeye uchungu umemkamata.

Kijana akaandika kwenye daftari: Ijumaa usiku, 13 Aprili 1984. Kwa mtu wa bara hakuna kosa hapo. Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati ule, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili, siku ya Alhamisi; Ijumaa ni ya 13; usiku wa Ijumaa ni usiku wa 13.

Anayetusomea prufu ni mzee wa Kipemba. Alipoona daftari alicheka mpaka akavua miwani. Kwa watu wa pwani siku huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi, usiku ambao huko bara wangeuita "wa kuamkia Ijumaa". Mama alikuwa anasema usiku ule ule ambao Nyerere alitangaza msiba redioni. Ndiyo maana redio zilikuwa juu.

Tukampigia tena kumuuliza saa. "Saa nne," akasema, "walikuwa hawajafunga redio." Saa nne usiku ni kabla ya usiku wa manane, kwa hiyo hata kwa kalenda ya ofisi tarehe bado ni 12. (Nimewahi kuona saa nne ya namna hii ikitafsiriwa kwa Kiingereza kuwa alfajiri, lakini hicho ni kisa kingine.)

Hata hivyo sikuridhika. Karibu kila ukoo una mtoto aliyezaliwa siku ya tukio kubwa, na kumbukumbu hupenda kujisogeza karibu na tukio. Mama angeweza kuwa mkweli kabisa na bado amekosea mwaka. Nilitaka kitu ambacho hakitegemei kumbukumbu yake.

Kilipatikana kwa swali la kijana ambalo hata mimi sikulifikiria. Alimuuliza mama: wakati huo mlikuwa mnakaa wapi? Mama akataja mji wa reli, bara, mbali na pwani. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa reli. Kijana akasema, lakini mama, Bi. M si mzaliwa wa pwani? "Kwao ni pwani," mama akajibu, kama anayemweleza mtoto. "Kuzaliwa kazaliwa kule."

Na kwenye sanduku la bati la mama kulikuwa na barua mbili za uhamisho za marehemu mume wake. Bi. M alizipiga picha akatusomea tarehe, hatukuomba tuzione. Ya kwanza ilimpeleka kwenye mji ule wa reli mwishoni mwa 1983. Ya pili ilimrudisha pwani mwaka 1985. Kama Bi. M alizaliwa mji wa reli, na hilo mama na dada wa tumbo moja wa Bi. M walilisema kila mmoja kwa wakati wake, basi hawezi kuwa wa 1986 wala wa 1988, kwa sababu kufikia hapo familia ilikuwa haipo kule. Barua ambayo haimtaji mtoto hata kidogo ndiyo iliyofunga hesabu.

Maamuzi

Sasa tulijua. Kijana alitaka tuchapishe 12 Aprili 1984 na tujisifu. Nilimwambia hapana, tukabishana karibu saa nzima, mlango umefungwa.

Hoja yake: tumefanya kazi, tumepata ukweli, kuuficha ni kushiriki uongo. Hoja yangu: kuandika 1988 ni uongo, kutoandika mwaka si uongo. Bi. M anasafiri na pasipoti ya 1986. Kijitabu kinachomtangaza kuwa wa 1984, tena kwa jina la ofisi iliyohakiki, kinaweza kuwekwa mbele yake kwenye dirisha lolote la uhamiaji, na wa kujieleza atakuwa yeye. Makosa ya cheti ni yake kuyasahihisha, kwa wakati wake, kwa hati ya kiapo au vyovyote atakavyoona. Na wasifu wa tamasha haukuhitaji mwaka. Hakuna mgeni ambaye angeelewa filamu zake vizuri zaidi kwa kujua ana miaka mingapi.

Tulimpigia Bi. M tukamweleza pande zote mbili. Alichagua: mwaka usiandikwe, darasa la saba ya 1998 itolewe (mtu angepiga hesabu kama nilivyopiga mimi), mahali pa kuzaliwa paandikwe mji wa reli, na pwani iandikwe kuwa ndiko kwao. Hilo la mwisho alilifurahia. Alisema tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumuuliza amezaliwa wapi. Wote humuuliza "wewe wa wapi", kisha wakaandika wanavyotaka.

Matokeo

Kijitabu kilitoka bila kosa la tarehe wala la mahali. Tukajipongeza kwa siku moja.

Usiku wa tuzo mshereheshaji alipanda jukwaani na karatasi yake mwenyewe, aliyoichota mtandaoni mchana ule, akamkaribisha Bi. M kama "mtoto wa Valentaini". Ukumbi ukapiga makofi. Bi. M akatabasamu, ni kazi yake. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria kwamba mshereheshaji naye ana wasifu wake mfukoni.

Asubuhi iliyofuata simu ikaja kutoka kwa familia ya yule mwimbaji wa taarabu. Kijitabu kilisema Bi. M ni dada yake. Si dada yake. Mama zao ni mtu na mdogo wake. Kwa mazungumzo ya nyumbani ni dada, hakuna anayesema "binti wa mama mkubwa" mezani. Lakini kwenye chapa, mama wa mwimbaji, ambaye ni marehemu, alionekana kana kwamba alizaa mtoto wa ziada. Familia iliona ni kumvunjia heshima, na walikuwa na haki. Tuliomba radhi kwa simu, kisha kwa miguu, tukaweka karatasi ya masahihisho kwenye nakala zilizobaki.

La tatu nililijua baada ya wiki mbili. Picha ya cheti ambayo Bi. M alimtumia kijana, kijana aliituma kwenye kundi letu la WhatsApp siku ile ile, na chini yake, siku zilizofuata, tulijadiliana yote: 1986, Sokoine, barua za uhamisho. Kundini mlikuwa na mpiga chapa na msaidizi wake. Tulifuta. Kufuta kwenye kundi ni kufuta kwenye simu ya nani?

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni herufi moja iliyozidi. Kosa linalonakiliwa ni alama ya kidole. Linakuonyesha nani kamtazamia nani. Tangu siku ile sihesabu vyanzo, nauliza kila kimoja kilijuaje. Gazeti lilijua kwa kuambiwa na mtu mwenye sababu ya kupunguza. Cheti kilijua kwa baba mdogo. Mama alijua kwa mwili wake. Barua haikujua kitu kuhusu mtoto, na kwa hiyo haikuwa na sababu ya kudanganya.

Jambo la sababu lina uzito kuliko tunavyolipa. Merle Oberon, mwigizaji wa Hollywood aliyeteuliwa kugombea Oscar kwa filamu ya 1935, aliishi maisha yake yote akisemwa kuwa mzaliwa wa Tasmania, Australia. Alizaliwa Bombay mwaka 1911, mwenye asili ya Asia Kusini. Mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya kufa, alialikwa Hobart kwa heshima ya mji aliodaiwa kuzaliwa. Uwongo ule haukutokana na uvivu wa waandishi. Katika Hollywood ya wakati ule, ambako kanuni za studio zilikataza kuonyesha mapenzi ya watu wa rangi mbili tofauti, mwanamke mwenye asili ya India asingepewa sehemu alizopewa. Aliyekagua wasifu wake bila kujiuliza nani anahitaji Tasmania iwe kweli, asingefika popote. Bi. M naye, kwa kipimo kidogo, alihitaji ishirini na moja.

Suala la "kwao" lilitufundisha jinsi lugha yetu wenyewe inavyotuteleza. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake akiwa uhamishoni kisiasa. Kwao ni Kenya. Alipopata Oscar mwaka 2014 watu wa pande zote mbili walimdai, na wote walikuwa na la kusema, kwa sababu mahali pa kuzaliwa na kwao ni maswali mawili. Kwa Kiswahili tunauliza la pili tukidhani tumeuliza la kwanza.

Palipotushinda ni kwamba mwaka ulitunyonya. Ulikuwa fumbo tamu, na fumbo tamu humfanya mhakiki aone ana kazi moja. "Dada" lilikaa pale tangu rasimu ya kwanza, neno la herufi nne, na wote wanne tulilisoma zaidi ya mara kumi. Lingehitaji swali moja la nusu dakika: baba mmoja, mama mmoja? Mzee wetu wa prufu, aliyekamata usiku wa Ijumaa, alilipita vilevile, kwa sababu kwake pia ni dada.

Kuanza na meneja lilikuwa kosa la adabu kabla ya kuwa kosa la kazi. Kundi la WhatsApp halikuwa kosa la kijana peke yake. Hakuna aliyemwambia nyaraka za mtu zinawekwa wapi, na mimi niliiona picha ile kundini asubuhi ile nikanywa chai.

Ilipofikia

Bi. M aliniruhusu kuandika kisa hiki, pamoja na siku ya Sokoine, baada ya jambo lililotokea mwezi uliopita. Nilizipitia tena zile sehemu kumi na moja. Tisa bado zinasema 1988, na "n" yao ipo. Moja imefuta tarehe. Moja imeandika 12 Aprili 1984, na chini yake imekitaja kijitabu chetu kuwa ndicho chanzo, ukurasa wa saba. Nimekifungua ukurasa wa saba. Hakuna mwaka pale.